Waksi ya kupuliza: inalinda rangi ya gari au inaing'arisha tu?

Msomaji ameniandikia hivi: "Gari langu ni buluu iliyokolea, lina miaka saba na linalala nje. Kijana anayeliosha humalizia kwa kulipulizia waksi ya chupa na kulifuta, dakika tano kazi imekwisha. Linang'aa, na maji yanateleza kama juu ya jani la mgomba. Shemeji yangu anasema hayo ni mapambo tu, ulinzi wa kweli ni waksi ya kopo. Tena juu ya paa kuna sehemu imeanza kupauka, na kijana ananiambia waksi itairudisha. Nimsikilize nani?"

Kwenye habari ya paa, usimsikilize kijana, nitafika huko. Kwa mengine yote: ndiyo, waksi ya kupuliza inalinda rangi, ila kwa wiki chache, dhidi ya vitu vichache, na ikiwa mkononi mwa mtu asiye na haraka. Hilo la mwisho ndilo lililonishtua katika barua yako. Dakika tano kwa gari zima ni chache mno.

Kwanza ujue kinacholindwa ni nini. Ukigusa boneti ya gari la siku hizi, hugusi rangi. Juu ya bati kuna praima ya kuzuia kutu, juu yake praima ya kusawazisha, ndipo inafuata rangi yenyewe, halafu juu kabisa ile lakka angavu ambayo mafundi wanaiita klia. Kwa gari lenye rangi ya kiwandani, tabaka zote hizo kwa pamoja huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na klia peke yake ni kama 40 hadi 50. Unywele wa kichwani mwako ni kama 70. Maana yake, kitu pekee kinachosimama kati ya rangi na dunia ni chembamba kuliko unywele.

Sasa chukua daftari la karatasi hamsini, useme hiyo ndiyo klia. Waksi anayokupulizia huyo kijana, ikishafutwa na kukauka, haifikii unene wa karatasi moja ya daftari hilo. Ukilishika hilo, madai mengi ya kwenye chupa utayapima mwenyewe bila kuniuliza.

Je, itazuia mkwaruzo wa funguo? Jiwe lililorushwa na lori? Tawi la mti? Hapana, na hata waksi ya kopo haizuii, shemeji asikudanganye. Itazuia kutu? Kutu huanza pale tabaka zote zilipokwishapasuka na bati likaonekana. Waksi juu ya kidonda hicho itasukuma maji kwa siku chache basi. Alama ya jiwe inatibiwa kwa rangi ya kugusia, siyo kwa waksi.

Na jua? Hapa ndipo chupa nyingi zinapotia chumvi. Dawa ya kunyonya mionzi ya urujuanimno ipo kweli, lakini ile ya maana imechanganywa ndani ya klia yenyewe tangu kiwandani. Dawa hiyo hufanya kazi kwa kadiri ya unene wa tabaka iliyomo: mwanga ukipita njia ndefu ndani yake unanyonywa zaidi, ukipita njia fupi unanyonywa kidogo. Tabaka lisilofika mikroni moja, ambalo linazidi kupungua kila mvua inaponyesha, litanyonya kiasi kidogo mno. Gari la nje linaokolewa na kivuli au turubai, na hata turubai uliweke juu ya gari safi, la sivyo upepo utalitikisa na vumbi la chini yake litasugua kama msasa.

Basi inalinda nini? Mambo matatu, na nitakaa nayo kidogo, kwa sababu hapa ndipo shemeji yako anapokosea.

La kwanza ni kinyesi cha ndege, pamoja na utomvu wa miti na wadudu waliopasukia mbele ya gari. Kinyesi cha ndege kina asidi ya uriki, lakini asidi peke yake siyo hadithi nzima. Bati likipata joto, klia hulainika na kutanuka. Kinyesi kilicho juu yake kinakauka na kuwa kigumu. Jioni gari likipoa, klia inasinyaa na kujikaza kufuata umbo la lile gamba gumu. Ukija kuliondoa asubuhi unakuta kovu lenye umbo lile lile, na mwanga unavunjikia hapo. Tabaka la waksi linakaa katikati na kuchelewesha asidi kuifikia klia, na pia linafanya gamba lishike kidogo. Lakini linakununulia saa tu, halikupi siku nzima. Na gari la rangi ya giza kama lako linakupa muda mfupi zaidi kwa sababu linapata joto zaidi.

Namna ya kukitoa ni muhimu kuliko waksi yenyewe. Loweka kitambaa kwa maji, kiweke juu ya kinyesi, kiache dakika kadhaa kinywe maji, halafu kiinue pamoja na uchafu wake. Usisugue. Ndege wengi humeza changarawe ili kusaga chakula, na mbegu ngumu nazo hupita nzima, kwa hiyo ukisugua unasugua mchanga.

La pili ni madini ya maji. Maji yakikauka juu ya bati la moto huacha kalsiamu na magnesiamu, na baada ya muda madoa hayo huuma klia. Watu husema ni matone yanayokusanya jua kama kioo cha kukuza. Mimi sioni haja ya kutafuta mchawi wakati chokaa inaonekana kwa macho. Waksi inasaidia doa litoke kwa urahisi, ingawa kuna utata kidogo: rangi yenye waksi inakusanya maji kuwa matone ya duara yaliyosimama, na tone lililosimama likikauka linaacha madini yake yote mahali pamoja. Ukiosha gari lenye waksi ukaliacha likauke juani, unaweza kupata madoa makali kuliko ya gari lisilo na waksi. Likaushe.

La tatu halina mvuto wa kuuzia, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote: uchafu haushiki. Vumbi na tope vinalala juu ya waksi badala ya kung'ang'ania klia, kwa hiyo maji yanaondoa sehemu kubwa kabla hujagusa kitu, na kitambaa kinateleza. Mikwaruzo mingi inayochakaza gari huletwa na uoshaji wenyewe. Ukiweza kuosha kwa kusugua kidogo, umeokoa klia nyingi kuliko dawa yoyote iliyoandikwa kwenye chupa.

Ndiyo maana nikasema nina wasiwasi na huyo kijana. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko klia. Akiosha haraka, akaacha vumbi kwenye mifereji ya milango na chini ya vioo vya pembeni, kisha akapuliza waksi na kufuta gari zima kwa kitambaa kimoja, amepaka msasa mwembamba sana wenye harufu nzuri. Na linang'aa, kwa sababu mafuta ya waksi yanajaza mikwaruzo na kuificha kwa muda. Wiki tatu baadaye waksi imekwisha, mikwaruzo imebaki, gari linaonekana limechoka, na unarudi kuomba waksi zaidi.

Jiangalizie leo usiku. Washa tochi ya simu, isogeze karibu na boneti, uangalie pembezoni mwa ule mwanga. Ukiona vistari vyembamba vinazunguka mwanga kama utando wa buibui, hiyo ni kazi ya vitambaa vya miaka saba. Kwenye buluu iliyokolea na nyeusi vinaonekana wazi. Kwenye nyeupe na rangi ya fedha vinajificha, lakini vipo. Kisha nenda kwa kijana kabla hajaanza kazi, umwombe akuonyeshe kitambaa chake. Kiwe cha maikrofaiba, kiwe kimefuliwa, viwe viwili au vitatu: kimoja cha kukaushia, kimoja cha kusambazia waksi, kingine kikavu cha kumalizia. Na kikianguka chini, hata kwa sekunde moja, kimehamia kwenye rimu za magurudumu, hakirudi tena kwenye boneti. Mimi nilishawahi kuokota kitambaa, nikakikung'uta, nikaendelea. Mlango wa gari langu la zamani ulibaki na alama ya upinde kama pete iliyokatika, na kila jua la saa kumi liliniletea aibu yangu.

Sasa ubishi wa chupa na kopo. Waksi nyingi za kupuliza ni maji kwa sehemu kubwa, na ndani yake yameelea matone madogo sana ya nta na ya mafuta ya silikoni, yakizuiwa yasijitenge kama vile maziwa yanavyoshika mafuta yake. Maji yanapokauka, mafuta na nta vinabaki. Kwenye chupa wanapenda kuchora mti wa karnauba, na sifa yake si ya uongo. Ni mti wa jamii ya minazi wa kaskazini-mashariki mwa Brazil, unaofunika majani yake kwa nta ili usipoteze maji wakati wa ukame. Nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, ilhali nta ya nyuki huyeyuka kwenye 62 hadi 64. Boneti nyeusi iliyokaa juani inaweza kupita nyuzi 70, kwa hiyo unaona kwa nini nta ya nyuki peke yake isingekaa. Lakini katika chupa ya kupuliza, karnauba mara nyingi ni kidogo, na anayefukuza maji hasa ni silikoni.

Waksi ya kopo ina nta nyingi zaidi kwa kila mfuto, na ndiyo maana inadumu: kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu, wakati ya kupuliza ya kawaida inadumu wiki mbili hadi sita kwa gari linalokaa nje. Kuna kundi la tatu ambalo shemeji yako hakulitaja, zile siliti (sealant) za maji zilizotengenezwa kwa polima, yaani kemikali za kiwandani, badala ya nta. Hizo zinafika miezi minne hadi sita zikipakwa vizuri. Halafu kuna mipako ya seramiki inayopakwa na fundi, inayoganda kwenye klia na kukaa miaka, lakini hiyo ni kazi nyingine kabisa, maana gari lazima lipigwe kwanza polishi ya kuondoa mikwaruzo. Siku hizi utaona chupa za kupuliza zenye neno "seramiki". Zina kidogo ya silika, kemikali ya jamii ya mchanga na kioo, ndani yake na hudumu kuliko waksi ya kupuliza ya kawaida, lakini usizilinganishe na mpako wa fundi kwa sababu tu jina limefanana.

Kwa hiyo kopo linashinda chupa kwa muda, hilo nampa shemeji. Lakini nimeona makopo mengi yaliyofunguliwa mara moja tu tangu yanunuliwe, kwa sababu kupaka gari zima kwa kopo, kusubiri likauke na kulifuta ni kazi ya nusu siku. Kati ya waksi dhaifu inayopakwa kila baada ya wiki tatu na waksi imara iliyo kabatini, mimi nachukua ile dhaifu. Na si lazima uchague. Kwa gari lako ningeweka siliti ya polima mara mbili au tatu kwa mwaka iwe msingi, halafu ya kupuliza iwe ya kujazia kila baada ya kuosha mara mbili au tatu. Kupuliza kila unapoosha hakuharibu rangi, ila hakuongezi tabaka kama unavyodhani. Kiyeyushi na sabuni vilivyomo kwenye mpulizo mpya vinalegeza sehemu ya ule wa zamani, na unachofuta ndicho kinachozidi.

Kuhusu hayo maji kuteleza kama juu ya jani la mgomba, yasikulevye. Maji kujikunja kunaonyesha tu kwamba uso wa gari hauyataki maji, na hilo laweza kusababishwa na filamu nyembamba ya silikoni isiyoweza kuzuia chochote cha maana. Kinyume chake kipo pia: gari lenye ulinzi mzuri likipata moshi na vumbi la barabarani, maji yanaacha kujikunja juu yake, ukadhani waksi imekwisha. Lioshe kwa shampuu ya gari, ulisuuze, ndipo uangalie. Na iwe shampuu ya gari kweli. Sabuni ya vyombo imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye sahani, na haijui tofauti kati ya mafuta ya sahani na waksi yako.

Kama unataka ushahidi wako mwenyewe, fanya nilivyofanya mimi. Osha boneti, ikaushe, bandika utepe wa karatasi kutoka kwenye kioo hadi kwenye grili, upulize upande mmoja tu. Ondoa utepe, endesha gari lako kama kawaida. Kwenye jaribio langu, wiki ya kwanza tofauti ilionekana kwa maji, kila mtu angeiona. Kilichonivutia kilikuja baadaye, wiki ya nne, maji yalipokuwa karibu sawa pande zote mbili: upande uliopulizwa bado vumbi lilitoka kwa maji matupu ya mpira, na upande wa pili lilibaki kama ukungu mpaka niliguse. Hapo ndipo nilipoacha kubishana na watu kuhusu matone.

Kupaka kwenyewe hakuna siri kubwa. Gari liwe kivulini, bati lipoe hata ukiweka kiganja usisikie joto. Liwe limeoshwa, waksi ya kupuliza haisafishi, hata kama chupa inakuambia unaweza kufuta nayo vumbi. Ukitaka kujua kama rangi ni safi kweli, vaa mfuko laini wa plastiki mkononi, upitishe vidole juu ya bati lililooshwa na bado lina maji. Ukisikia vijipele, hizo ni chembe za chuma za breki na uchafu mwingine uliojichimbia, na unatolewa kwa udongo maalumu wa magari ukiwa na maji ya kutelezesha. Ukipaka waksi juu ya vijipele, unavifungia ndani. Baada ya hapo, pulizo mbili au tatu kwa kila mlango zinatosha, sambaza, geuza upande mkavu wa kitambaa, malizia. Makosa ya kawaida ni kupuliza nyingi. Inabaki na michirizi, na watu wanadhani chupa ni bandia.

Pulizia kwenye kitambaa, siyo hewani, unapokaribia magurudumu. Waksi ikitua kwenye diski za breki, breki zitashika kwa kusuasua, na hilo si jambo la mzaha. Usiweke kwenye kioo cha mbele. Waipa zitasambaza ukungu usiku mvua ikinyesha. Rangi isiyong'aa, ile ya mati, iache kabisa, itapata mabaka ya kung'aa usiyoweza kuyatoa. Na kama kuna mlango uliopigwa rangi upya gereji, usiuwekee waksi mapema: rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto la karibu nyuzi 140, lakini ya gereji haiwezi kupelekwa huko bila kuyeyusha plastiki na mpira wa gari, hivyo inaendelea kutoa viyeyushi vyake kwa wiki kadhaa. Muulize fundi aliyeipiga. Wengi watakuambia siku 30 hadi 90.

Neno moja kuhusu majina, maana wauzaji wengi huchanganya. Polishi inakwangua: ina chembe za kusaga, inaondoa klia kidogo ili mikwaruzo iishe. Waksi inafunika. Kijana akikuambia siku moja "leo nimeipiga polishi", muulize ni ipi, kwa sababu klia ya mikroni 45 haiongezeki, na kila polishi unaitoa kwenye ile ile.

Tuje kwenye paa. Mwagia maji sehemu iliyopauka, uangalie. Weupe ukipotea ikiwa na maji na kurudi ikikauka, uso wa klia umechakaa kwa jua. Sasa pitisha ukucha taratibu kutoka sehemu nzuri kuelekea iliyopauka. Kama hausikii kitu, huenda fundi akaweza kuiokoa kwa polishi nyepesi akiwa na kipimo cha unene mkononi. Ukucha ukikwama kwenye kijingo kidogo, kama ukingo wa selotepu, basi klia imeanza kubanduka, na hapo waksi, polishi wala seramiki haina kazi. Waksi itafanya kile maji yalichofanya: itaficha weupe kwa wiki moja au mbili, ndiyo sababu kijana anaamini inarudisha. Kinachohitajika ni kupiga msasa na kupuliza klia mpya.

Na ukifika kwa fundi rangi, usisahau kumwambia kwamba gari limekuwa likipulizwa waksi kila linapooshwa. Silikoni ikibaki kwenye bati, rangi mpya inaikimbia kama maji yanavyoikimbia boneti yako, na utapata vishimo vidogo vya duara paa zima. Anayo dawa ya kuifuta, ila lazima ajue.